Shubiri Moja ya Njano

Tarehe 3 Machi
Maji: kijani.

...basi kama nilivyokuwa nasema kabla mteja hajaingia na kichwa kilichosokotana kama sufi, kazi hii nimepewa mimi kwa sababu mlango wa saluni yangu unatazama nguzo ya kupimia maji. Si kwa sababu nimesoma. Darasa la nne niliingia kwa mlango nikatokea dirishani. Daftari kanipa Bibi Mabuti, yule mama wa ofisi ya maafa anayevaa mabuti ya mpira hata jua likiwaka. Akasema, "Dada, kila siku unaangalia maji ya mfereji yamefika rangi gani, unaandika neno moja, jioni unanitumia kwa simu. Moja tu." Nikamwambia sawa mama. Neno moja, mimi? Bibi Mabuti, ukifika hapa ruka, soma rangi zako uende.

Nguzo iko mdomoni mwa kalvati, pale mfereji unapopita chini ya barabara, ina rangi tatu. Chini kijani, yaani suka, uza, piga soga. Katikati njano: napuliza filimbi, kila mwenye duka anapandisha mali juu, anazima umeme, anafunga, na mimi nakwenda kumchukua Sindano nimpeleke shuleni kule juu. Juu kabisa nyekundu: acha kila kitu, kimbia.

Sindano ni shoga yangu, fundi cherehani. Chumba chake ni cha mwisho mtaani, ngazi tatu chini ya barabara, na hakioni nguzo. Nyonga yake ya kushoto ni mbovu, anatembelea fimbo. Bibi Mabuti alimpima kwa saa kutoka cherehanini hadi lango la shule: dakika ishirini na mbili. Mimi natumia sita, na hapo nimesalimia watu wanne na kumsema mmoja.

Tarehe 4 Machi
Kijani.

Tarehe 8 Machi
Kijani. Mvua ya manyunyu. Mke wa mwenye nyumba kapita na nywele za bandia rangi ya kutu. Sikusema kitu. Nimeandika tu.

Tarehe 11 Machi
Njano!

Mara ya kwanza. Nimepuliza filimbi mpaka masikio yangu mwenyewe yakaziba. Mtaa mzima ukaamka kama umemwagiwa maji. Mzee Gunia, muuza unga, ndiye mwenyekiti wetu wa kamati, akapandisha magunia yake kwenye mbao huku anahesabu kama yuko jeshini. Fundi Redio akabeba redio za watu mbili mbili kwapani. Mimi nikashuka kwa Sindano.

"Unanivuta kama mbuzi wa mnada," akaniambia njiani.

"Mbuzi angekuwa keshafika."

"Mbuzi ana miguu minne. Nitafutie mingine miwili nitakupita."

Shuleni alikaa kwenye dawati la watoto akatoa sketi ya mtu akaanza kukunja pindo kwa mkono. Baada ya saa nzima maji yakashuka. Tukarudi. Mzee Gunia akasema, "Mazoezi mazuri, jamani."

Tarehe 15 Machi
Njano. Tukapanda, tukashuka.

Tarehe 16 Machi
Kijani.

Tarehe 20 Machi
Njano. Mvua kubwa. Gunia moja la Mzee limepasuka wakati wa kupandisha, unga umekuwa uji sakafuni. Hakusema mazoezi mazuri.

Tarehe 24 Machi
Njano, tena wakati wateja wamejaa. Nilikuwa na bibi harusi na wasimamizi wake watatu. Filimbi ilipolia wakachukua mikoba yao wakaenda saluni ya barabara ya juu. Hawakurudi. Maji yalipanda kidogo, yakashuka kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Fundi Redio kaniambia, "Msusi, hiyo filimbi yako inatuua njaa kabla maji hayajafika." Kasema anacheka, lakini sikuona meno.

Tarehe 27 Machi
Kijani. Leo kulikuwa na kikao, kwa hiyo naandika mengi. Nina furaha pia, nilisema maneno watu wakayapenda.

Tulikaa stoo kwa Mzee Gunia, juu ya magunia. Kila mtu alikuwa na lake. Mwenye duka la viatu kasema wateja wanauita mtaa wetu mtaa wa kufunga na kufungua. Mzee Gunia kasema anaumwa mgongo. Halafu Fundi Redio akatoa wazo: ile njano iko chini mno. Tuipandishe shubiri moja tu. Maji yakifika hapo kweli, tutafunga kwa moyo mmoja.

Watu wakaitika. Na mimi nikaitika, nisiitike nina nini? Filimbi naipuliza mimi, anayenuniwa ni mimi.

Sindano akanyanyua fimbo yake kama mwanafunzi. "Bibi Mabuti alisema mvua ikinyesha milimani, hapa maji yanapanda shubiri kwa robo saa. Ninyi mnakimbia dakika sita. Mimi ishirini na mbili. Hiyo shubiri mnayoikata si ya nguzo. Mnakata dakika zangu mimi."

Nikaona watu wanataka kurudi nyuma, na mimi nikamfikiria yule bibi harusi na wasimamizi wake. Nikasema, "Usiwe na wasiwasi shoga. Siku hiyo nitakubeba mgongoni kama bibi harusi. Maana ile mara ya kwanza ulikwenda kwa miguu yako, na bwana akakimbia."

Watu walicheka wakashikana. Fundi Redio alilia machozi. Mzee Gunia akapiga gunia kwa kiganja, akasema, "Imepita."

Sindano akatabasamu kidogo. Akakunja kitambaa alichokuwa nacho mapajani, mara mbili, mara nne, akainuka. Kushuka ngazi za stoo kulimchukua muda, na wote tulikuwa bado tunacheka.

Ni mtu wa kujihami sana, huyu shoga yangu. Nyonga imemfanya aone kila kitu kirefu.

Tarehe 28 Machi
Kijani. Maji yamepungua hadi kwenye vifundo vya miguu, nikashuka mferejini kupaka rangi mwenyewe. Fundi Redio alishika kopo. Nikapima kwa shubiri ya mkono wangu, nikapaka kijani juu ya njano, njano juu ya nyekundu. Rangi ilikuwa nyepesi, ile njano ya zamani inachungulia chini kama gaguro chini ya gauni. Fundi Redio kasema nipake mara ya pili. Nikamwambia nguzo haiendi harusini.

Tarehe 31 Machi
Kijani. Sindano hajaja kunywa chai siku nne. Nimepita kwake, cherehani inanguruma, hakuinua kichwa. Nikamwambia, "Umeninunia?" Akasema, "Nina kazi." Nikakaa nikamsimulia habari za mwenye duka la viatu na yule dereva. Kwa kawaida angeuliza, dereva yupi. Hakuuliza.

Tarehe 2 Aprili
Kijani. Zamani ingekuwa njano, lakini sasa ni kijani. Sindano kaja. Kanitupia aproni mpya ya kazi, kitambaa kizuri, mifuko miwili. "Huu wa vitana," akasema, "na huu wa maneno yako, uwe unayaweka kabla hujayatoa." Tukacheka. Yamekwisha.

Tarehe 5 Aprili
Kijani. Zamani njano.

Tarehe 9 Aprili
Kijani. Zamani njano. Sijapuliza filimbi wiki mbili na zaidi. Fundi Redio kanitengenezea redio bure. Mtaa unanipenda kama mtoto wa mwisho.

Tarehe 12 Aprili
Kijani.

Tarehe 16 Aprili
Naandika ya juzi. Nimeshindwa jana. Kalamu niliishika nikaiweka.

Juzi, tarehe 14, hapa kwetu hakukunyesha. Jua lilikuwa linawaka, nilianika taulo zote nje. Saa tisa mchana. Nilikuwa nimesimama mlangoni namsimulia Fundi Redio jinsi mke mkubwa wa mwenye nyumba alivyomkuta mke mdogo amevaa viatu vyake. Hadithi nzuri ile, na nilikuwa nimefika pale mke mkubwa anasema "vua."

Maji nikayaona. Yalikuwa na rangi ya udongo mwekundu na yamebeba matawi mabichi, ya milimani. Yalikuwa yamefika kwenye lile gaguro. Mahali pale pale pa njano ya zamani. Hadithi nikaiacha hapo.

Fundi Redio akageuka akatazama. "Kijani hiyo. Malizia, akavua?"

Nikamalizia. Naandika hapa kwa mkono wangu, nikamalizia. Nikaongeza hata maneno ambayo mke mdogo hakuyasema, ili inoge. Dakika tano. Labda saba. Naijua hadithi yangu, haifiki kumi.

Nilipotazama tena hakukuwa na njano. Ilikuwa nyekundu, na maji yako barabarani. Yaliruka ile rangi kama mtu anayepanda ngazi mbili mbili. Nikapuliza filimbi, lakini nikapuliza huku nakimbia, na anayekimbia hapulizi vizuri.

Watu walipanda shuleni. Walifika wote. Mazoezi yale ya Machi yaliwasaidia, miguu ilikuwa inajua njia. Mimi nikashuka chini kwa Sindano na maji yalinifika magotini, halafu mapajani. Ngazi zake tatu hazikuonekana. Mlango wake unafunguka kwa nje, na maji yameuegemea. Nikavuta. Nikavuta tena. Ni kama kuvuta ukuta.

Dirisha lina nondo. Nikamwona ndani amepanda akakaa juu ya meza ya kukatia, karibu na dirisha, kashika fimbo. Vitambaa vya watu vinaelea vimemzunguka, magauni yamefunguka kama watu wanaolala chali.

"Njano imefika?" akaniuliza.

"Imepita."

"Nilisikia filimbi. Nikasema anakuja, nisihangaike na mlango, anakuja." Halafu akasema, "Umekuja kunibeba?"

Hakusema kwa kunisuta. Ndiyo inayonimaliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza chai ipo.

Nikapiga kelele mpaka Mzee Gunia na Fundi Redio wakarudi kutoka juu. Mzee wa miaka sitini na mgongo wake ule. Walipanda juu ya bati, wakaling'oa kwa nyundo na kwa mikono. Mimi nilikuwa nimeshika nondo za dirisha na nimeshika vidole vyake kupitia nondo, maji yakiwa kifuani kwangu, kwake shingoni. Alimeza yale maji mara mbili. Yana mafuta ya gari, yana mavi, yana kila kitu cha mji. Aliniambia, "Ongea. Wewe unaweza kuongea, ongea." Nikakosa la kusema. Mimi. Nikabaki nasema "Nipo, nipo, nipo" kama redio mbovu.

Walimtoa kwa juu, kwa kamba ya magunia. Ilichukua zaidi ya saa. Alikuwa amepauka, meno yanagongana. Yuko hospitali.

Maji: sijui niandike rangi gani.

Tarehe 17 Aprili
Maji yameshuka. Matope mtaa mzima hadi magotini. Waliopandisha mali kabla ni wawili tu. Unga wa Mzee Gunia wote umekwisha, hakupandisha hata gunia moja, alikuwa anasubiri njano. Kashika beleshi anasafisha kwa watu kwanza.

Sindano anakohoa. Daktari anasema maji yameingia kifuani, mapafu yamechafuka.

Tarehe 18 Aprili
Hospitali. Nilimpelekea kanga kavu na kitana. Nikataka kusema. Nikaanza, "Shoga, ile siku ya kikao..."

"Usiniombe msamaha hapa," akasema. "Yule wa kitanda cha dirishani anasikiliza. Hajasikia habari nzuri tangu jana."

Yule mama wa dirishani akajifanya kulala.

Nikamsuka mistari miwili tu, alichoka. Akasema huku kafumba macho, "Mimi niliumia kwa vile mlicheka. Rangi ningevumilia." Halafu akalala. Nilikaa na lile neno mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Tarehe 19 Aprili
Binti yake kafika, yule wa pekee, anafanya kazi kiwanda cha sabuni mji mwingine. Nywele zake za kwanza nilizisuka mimi akiwa na miaka mitatu. Kanikumbatia kwenye korido. "Mama mdogo, asante. Wameniambia ulimshika mkono saa nzima."

Nikasema, "Nilimshika."

Tarehe 20 Aprili
Sindano amekufa alfajiri. Nilikuwa nimekwenda kununua maji ya kunywa.

Tarehe 21 Aprili
Tumemzika. Mtaa wote ulifunga. Hakuna aliyepuliza kitu.

Tarehe 24 Aprili
Bibi Mabuti amekuja. Nilitegemea atufokee, hakufoka. Alikaa kwenye kiti changu cha wateja na mabuti yake, akaomba daftari, akasoma rangi na kidole.

"Tarehe 2, kijani. Tarehe 5, kijani. Tarehe 9, kijani," akasema. "Siku hizo milimani tulipima mvua kubwa. Nilisoma taarifa zako nikasema mfereji wenu unapitisha vizuri. Nilikuwa nilete kamba na boya za kuokolea hapa kwenu. Nikapeleka mtaa mwingine."

Sikulijua hilo. Nilidhani nimesogeza rangi ya mtaa wetu tu, kumbe nilikuwa namdanganya mtu aliye mbali anayetutazama kupitia mimi. Nikamwambia asome na hayo mengine, yale niliyomwambia aruke. Akasoma. Alichukua muda mrefu. Akafunga daftari akaniwekea magotini kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto aliyelala.

"Endelea kuandika," akasema. "Yote."

Tarehe 26 Aprili
Kijani, kijani ya kweli. Tumerudisha rangi zilipokuwa, Mzee Gunia kapaka, mimi nilikataa kushika brashi. Kikao kilikuwa kifupi. Kila mlango mtaani utageuzwa ufunguke kwa ndani. Chumba cha Sindano hakipangishwi tena. Kila duka litafunga mbao za juu na mali itakaa juu msimu wote, si kusubiri rangi. Yote yalipita bila mtu kubisha. Fundi Redio alikaa karibu na mlango, hakunitazama. Watu wanaona aibu kila mmoja peke yake, kama tulikuwa na vyombo vya mwenzetu tukavivunja.

Tarehe 29 Aprili
Njano. Nilipuliza. Wote walipanda, hakuna aliyenuna. Nilifika shuleni dakika sita, mikono mitupu.

Tarehe 2 Mei
Kijani.

Binti wa Sindano kaja saluni. Amemaliza kugawa vitu vya mama yake, anasafiri kurudi kazini. Kakaa kwenye kiti, kafungua kitambaa. "Nisuke kama ulivyokuwa unanisuka, mama mdogo."

Nikaanza. Nywele zake ni kama za mama yake, laini, zinateleza. Nilifanya upande wa kushoto wote bila kusema neno. Yeye ndiye aliyeongea. Kiwandani, chumba anachopanga, jinsi mama yake alivyokuwa anampigia kila Jumapili. Halafu akasema, "Mama aliniambia mwezi wa tatu kwamba mmesogeza rangi. Nikamwambia ahame. Akasema hahami, ana mtu wake wa kumfuata." Akainua macho kwenye kioo. "Nani alitoa wazo la kusogeza?"

Ningeweza kusema Fundi Redio, na ni kweli. Ningeweza kusema kamati, na ni kweli. Nina mdomo wa kuweza kusema mambo ishirini yote ya kweli.

"Mama yako alipinga," nikasema. "Watu walikuwa wanataka kumsikiliza. Mimi nikamfanyia mzaha wa baba yako, wakacheka, ikapita. Nikapaka kwa mkono wangu. Na siku yenyewe niliyaona maji mapema, nilikuwa na hadithi, nikaimalizia."

Alikuwa ananitazama kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimeshika msuko wake katikati, sikujua niuachie au niumalize. Akaushika yeye, akautoa mkononi mwangu taratibu. Akajifunga kitambaa juu ya nusu kichwa iliyosukwa na nusu iliyotimka. Akatoka. Mlango hakuubamiza.

Tarehe 3 Mei
Kijani. Hakuja.

Nimeongea na wateja watano leo. Wananiambia nimekuwa mpole. Mmoja kaniletea habari ya moto moto ya mke mdogo, nikamwambia kaa sawa, inamisha shingo.

Tarehe 4 Mei
Kijani. Mawingu yamekwenda, taulo zangu zimekauka kwa saa moja. Wenye maduka wanasema msimu umekwisha, umetupita. Fundi Redio kapita mlangoni, kasimama, kasema, "Na mimi nilikwambia malizia." Nikamwambia, "Nakumbuka." Akasema, "Nimeona nikuambie." Akaenda zake. Nimekaa nafikiria kwamba Sindano angekuwepo ningemkimbilia kumwambia hili, angeweka mguu kwenye cherehani asizungushe, asikilize mpaka mwisho, halafu angesema kitu kimoja kifupi ambacho mimi nisingekifikiria kwa wiki nzima, na nilikuwa nataka kuandika hapa jinsi alivyokuwa anakunja

Kuna mtu mlangoni. Ni yeye, binti, na begi lake, na kitambaa kichwani. Haingii.

"Msusi," ananiita. Haniiti mama mdogo, ananiita msusi. "Basi langu ni saa saba. Siwezi kusafiri na nusu kichwa. Weka hiyo kalamu uje unimalizie. Na usiongee."